Pedi kuukuu zilikuwa zinaniambia kitu, mi nikazitupa

Pikapu yangu ni ya mwaka 1994, mbele ina breki za diski (bamba la chuma linalobanwa na pedi pande zote mbili) nyuma ina za dramu (kama kikombe cha chuma kinachosuguliwa kwa ndani), na breki zake nimezibadilisha mwenyewe nyumbani mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilimaliza kwa saa mbili na nusu. Mara ya pili ilinichukua wikiendi mbili nzima, na hiyo ya pili ndo iliyonifundisha, kwahiyo naiandika yote maana najua kuna mtu ana gari la zamani linalia breki na kesho asubuhi anaenda kununua pedi afunge kama nilivyofunga mimi.

Ilianza na mlio. Ule mwembamba, unausikia ukiwa unakaribia kusimama alafu ukiachia pedali unapotea. Pedi nyingi zina kibati kidogo kimewekwa makusudi, pedi ikiisha kile kibati kinagusa diski kinalia ili ujue. Basi nikanunua pedi za mbele seti nzima, nikalegeza nati tairi ikiwa bado chini, nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikafungua bolti mbili za kalipa (kile kibano kinachoshika pedi na kuzisukuma), nikatoa pedi za zamani zote nne nikazitupa kwenye ndoo ya taka bila hata kuzigeuza. Nikarudisha pistoni ndani kwa klempu, nikapachika mpya, nikafunga. Nikapampu pedali mpaka ikawa ngumu kabla sijaliondoa gari, hilo nashukuru nililijua, kwa sababu ukisharudisha pistoni ndani pedali ya kwanza inaenda mpaka chini haishiki kitu kabisa, na mtu akiwasha gari arudi nyuma bila kupampu anakuta hana breki.

Mlio ukaisha. Lakini kitu kimoja hakikuisha, ukikanyaga breki kwa nguvu pikapu inavuta kulia. Ilikuwa inavuta kabla na iliendelea kuvuta. Nikasema ni upepo wa tairi, nikaongeza. Nikasema labda alaimenti, nikaenda ikapimwa ikarekebishwa, ikaendelea kuvuta vilevile. Nikaizoea. Nilikuwa nashika usukani kwa kuuegemeza kushoto kila nikikanyaga breki bila hata kufikiria, na hilo ndo linaniuma nikilikumbuka, kwamba mkono wangu ulishajua kuna tatizo na mimi nikauacha mkono uwe ndo unalitatua.

Miezi mitano baadaye mlio ukarudi, tairi ya mbele kushoto. Pedi za miezi mitano!

Safari hii nilipozitoa sikuzitupa. Nikazipanga kwenye saruji zikiwa nne, mbili za kulia na mbili za kushoto, ya ndani na ya nje. Za kulia zilikuwa zinalingana. Za kushoto, ya nje ilikuwa imebaki milimita 7 hivi, karibu mpya, na ya ndani ilikuwa imebaki milimita 1 na upande mmoja imekatika mshazari kama kabari. Nilichuchumaa pale nikaziangalia muda mrefu. Na nikajua kabisa kwamba zile nilizotupa mara ya kwanza zilikuwa hivihivi.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua, kalipa ya aina hii ina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Ukikanyaga pedali mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani mpaka inagusa diski. Sasa ya nje nani anaisukuma? Hakuna. Kinachotokea ni kwamba pedi ya ndani ikishagota kwenye diski, kalipa nzima inateleza kurudi ndani juu ya pini mbili, na ndo inaivuta ile pedi ya nje nayo ije ibane diski kutoka upande wake. Yaani kazi yote ya upande wa nje inategemea zile pini mbili kuteleza. Pini zikigoma, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, inaisha haraka, na tairi hiyo inabana kwa nguvu pungufu, kwahiyo gari linavutwa na upande wa pili ambao ni mzima. Kushoto kwangu kulikuwa dhaifu ndo maana nilikuwa navutwa kulia. Usukani ulikuwa umeshanieleza, pedi zikanieleza tena.

Nikashika pini ya juu, ikatoka kwa vidole. Ya chini haikusogea hata kidogo. Nikaizungusha kwa spana ikawa inaguna, nikapaka mafuta ya kulainisha kutu nikaiacha nikaenda kufanya mambo mengine, nikarudi nikaizungusha kidogokidogo kulia kushoto huku naivuta, mpaka ikatoka. Raba yake ilikuwa imechanika, mpasuko mdogo tu wa kama punje ya mchele, maji yakawa yanaingia humo. Grisi ilishageuka kitu kigumu cha kahawia kama nta, na chini yake pini ilikuwa imeliwa na kutu imekuwa na vijishimo ukipitisha ukucha unavisikia. Kitu chenyewe hakizidi kidole changu kwa urefu na ndo kilikula seti nzima ya pedi. Mbili, ukihesabu na zile nilizotupa.

Nikanunua pini mpya na raba zake, nikasafisha matundu kwa brashi nyembamba mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikapaka grisi ya silikoni ile ya breki. Hapa usitumie grisi ya kawaida ya kwenye beringi, ile inavimbisha raba alafu pini inabanwa upya baada ya muda na utajiuliza kwanini maana si uliipaka grisi. Na wakati kalipa imetoka ifunge kwa waya kwenye springi au popote, isining'inie kwa hozi paipu, ni nzito na hozi ya miaka hiyo inaweza kuchanika kwa ndani wewe huoni kitu kwa nje. Diski nikaipima kwa kaliba, unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umegongwa kwenye diski yenyewe, yangu ilikuwa bado iko juu ya hapo.

Nikafanya na kulia vilevile japo ilikuwa nzima. Alafu nikakaa nikawaza, kama mbele kulikuwa na hili na nilikuwa nakufungua, nyuma ambako sijawahi hata kukugusa kukoje?

Dramu za nyuma hazikutoka. Hendibreki nimeachia, gia iko huru, tairi za mbele nimeziwekea vigogo pande zote mbili (ukiachia hendibreki na umenyanyua nyuma, vigogo ndo kila kitu, usidharau), nimegonga na nyundo ya mpira kuzunguka, wapi. Kutu ilikuwa imeishika dramu kwenye habu, ile sehemu ya katikati tairi inapofungwa. Kumbe kwenye uso wa dramu kuna matundu mawili madogo yana nyuzi, nilikuwa nayaona siku zote nikidhani ni ya kupunguza uzito, unaingiza bolti mbili za milimita 8 unazikaza kwa zamu, huku nusu mzunguko huku nusu mzunguko, zinasukuma habu na dramu inajivuta yenyewe kuja nje. Ya kulia ilitoka kwa mlio kama bunduki. Ya kushoto ikaja nusu ikagoma, maana dramu ikitumika miaka mingi inajichimba pale brekshuu (vile vipande viwili vya ndani vinavyosugua dramu) inaposugua na pembeni kunabaki ukingo, sasa brekshuu zinanasa kwenye huo ukingo. Ikabidi nipite kwenye kitundu cha bati lililoko nyuma ya dramu nikalegeza ajasta, ile skrubu inayosogeza brekshuu karibu na dramu, kwa bisibisi mpaka brekshuu zikarudi ndani. Hapo ikatoka.

Vumbi la ndani usilipulize. Wala kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za breki za zamani, yaani lile tabaka linalosugua, zilikuwa zinatengenezwa kwa asbestosi na kwenye gari la umri huu huwezi kujua kwa macho kilichofungwa humo ni kipi, na asbestosi ikiingia kwenye mapafu haitoki. Mi nililowesha kwa maji na sabuni kwa chupa ya kunyunyizia nikafuta na kitambaa nikakitia kwenye mfuko nikaufunga. Kijana wangu alikuwa ananisaidia, ana miaka 16, nikamwambia akae mbali mpaka nimalize hilo.

Brekshuu za kulia zilikuwa kavu, zimeisha tu kwa kawaida. Za kushoto laini zake zilikuwa nyeusi zinang'aa. Nikainua raba ya wili silinda (silinda ndogo ya mle ndani inayosukuma brekshuu) kwa ncha ya bisibisi na mafuta yakachuruzika, tone, alafu jingine, yakashuka kwenye bati. Kwa nje tairi ilikuwa kavu kabisa na kwenye masta silinda, ile kubwa inayosukumwa na pedali, mafuta yalikuwa yamepungua kidogo sana, nilikuwa naongeza najiambia ni pedi zinaisha. Na ni kweli pedi zikiisha kiwango kinashuka, ndo maana ni rahisi kujidanganya. Lakini kama unaongeza mara kwa mara kuna mahali yanaenda. Laini iliyolowa mafuta ya breki usihangaike kuiosha wala kuichoma wala kuipiga msasa, yameshaingia ndani, weka mpya.

Kwahiyo brekshuu mpya pande zote mbili na wili silinda mpya mbili. Upande mmoja kwa wakati, hii naomba mtu aishike sana, fungua upande mmoja tu mwingine uache kamili uwe ndo picha yako, kwa sababu springi za mle ndani ziko nyingi na kila moja ina tundu lake, na picha ya simu haionyeshi ipi iko nyuma ya ipi. Kwenye dramu zangu brekshuu mbili hazilingani, moja laini yake ni fupi nyingine ndefu, ile fupi inakaa upande wa mbele ya gari. Nilizifunga kinyume mara ya kwanza. Ni kijana ndo aliyeona, akasema baba mbona huku kwa upande ambao hatujafungua ile fupi iko mbele, na kweli. Ajasta nazo usizichanganye, ya kushoto na ya kulia nyuzi zake zinaenda kinyume, ukibadilishana badala ya kujikaza kila unapotumia breki zinajilegeza.

Kufungua wili silinda ndo palinitesa kuliko pengine pote. Nati ya bomba la mafuta ilikuwa imeshikana na bomba lenyewe, ukizungusha nati bomba nalo linajikunja. Hapo ukilazimisha umekata bomba, na bomba linaenda mpaka mbele. Nilipaka mafuta ya kutu jioni, nikapaka tena kabla ya kulala, asubuhi nikatumia spana ile maalumu ya mabomba inayoshika nati karibu pande zote sita, nikakaza kidogo kwanza alafu nikalegeza, nikakaza nikalegeza, mpaka ikaanza kuzunguka peke yake. Nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya silinda ya zamani ilikatika, haikuniumiza maana silinda yenyewe ilikuwa inaenda kutupwa, ila nikashtuka nikaenda mbele nikazijaribu nipeli za kalipa zote mbili siku hiyohiyo. Zikafunguka. Ningefanya hivyo kabla ya kitu chochote. Sasa hivi gari la zamani nikiliendea kwa kazi ya breki nipeli ndo naanza nazo, kama itakatika ikatike kabla sijaacha gari limekaa juu ya stendi bila tairi.

Alafu kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta. Kijana kwenye pedali mi chini na chupa na kipaipu cha plastiki.

"Kanyaga."
"Imeshuka baba."
Nafungua, yanatoka, nafunga. "Achia."

Tulianza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda tukaja karibu. Nyuma yakawa yanatoka machozi tu. Tumekanyaga mara thelathini, arobaini, machozi. Nikadhani masta silinda imekufa. Nimekuja kuelewa tatizo lilikuwa mimi nilivyolinyanyua gari, stendi nilikuwa nimeweka kwenye chasisi na ekseli inaning'inia hewani. Pikapu nyingi za umri huu zina valvu juu ya ekseli ya nyuma yenye mkono mrefu, inapima mzigo, gari likiwa tupu nyuma linainuka valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisifunge na kuteleza, ukipakia mzigo nyuma inashuka valvu inafungulia. Sasa ekseli ikining'inia valvu inaona gari tupu kuliko tupu, inabana. Nikashusha, nikaweka stendi chini ya ekseli yenyewe uzito ukaja juu yake, na mafuta yakaanza kutoka yamenyooka. Yalianza meusi kama chai iliyokaa sana, yakaja na viputo, mwisho yakatoka mepesi ya rangi ya asali.

Na hayo meusi sio uchafu tu. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 yanavuta maji kutoka hewani, ndo asili yake. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, ikishashika maji inaweza kushuka mpaka karibu 140, na kwenye mteremko mrefu una mzigo breki zinafika huko. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea, pedali inaenda chini. Ndo maana kopo lililofunguliwa likakaa kabatini mwaka mzima mi sitii tena kwenye gari. Na yakidondokea rangi yamwagie maji haraka, yanabandua rangi ya gari kama ngozi.

Kulikuwa na pigo moja zaidi. Tulipomaliza pedali ilikuwa ngumu, safi, lakini ukiikanyaga ukaishikilia inashuka polepole mpaka chini. Hakuna kinachovuja popote. Nikamuuliza fundi mmoja mzee ninayemheshimu sana, nikamwamkia nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: "Mlipokuwa mnatoa upepo, uliweka ubao chini ya pedali?" Sikuweka. Akanieleza kwamba masta silinda ya miaka yote hiyo pistoni yake imekuwa ikitembea kipande kilekile kila siku, mbele ya hapo ukuta una kutu na utando, sasa ukikanyaga mpaka chini mara hamsini unazisukuma zile raba zikapite kwenye kutu, zinachanika, mafuta yanapita pembeni yake kwa ndani hayavuji nje. Kipande cha mbao chini ya pedali, kiizuie isifike mwisho, basi. Ningekuwa na masta silinda yangu mpaka leo.

Nikanunua nyingine, wikiendi ya pili. Nikaitoa upepo kwanza ikiwa mezani kwenye jiliwa, nikafunga, tukaanza upya tairi zote nne, safari hii na ubao chini. Kijana alikuwa amechoka na hakulalamika hata mara moja, nataka hilo liandikwe.

Siku ya kujaribu niliwasha gari palepale, nikakanyaga nikashikilia kwa kuhesabu mpaka sitini, haikushuka. Nikaenda mwendo wa mtu anayetembea mkono uko kwenye hendibreki, nikasimama. Tena. Alafu barabara tupu, kutoka 50 nashuka mpaka karibu 10 bila kusimama kabisa, naacha zipoe, narudia, kama mara kumi, ili pedi zikae vizuri kwenye diski. Nilipofika mahali pamenyooka hakuna mtu mbele wala nyuma nikaulegeza mkono kwenye usukani, vidole viwili tu, nikakanyaga kwa nguvu. Pikapu ikainamisha pua ikasimama pale ilipokuwa inaelekea, imenyooka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuvuta wenyewe kwa mazoea na hakukuwa na kitu cha kuvuta. Iliuchukua wiki nzima kuacha.

Nati za tairi nikazikaza tena baada ya kilomita 80, mbili zilikubali robo mzunguko. Pedi za zamani zile nne niliziandika kwa maka, mbele kushoto ndani, mbele kushoto nje, na kilomita zake, ziko kwenye kopo juu ya rafu.

Juzi imetimiza kilomita 6,000 tangu kazi ile, nikafungua tairi ya mbele kushoto kuangalia tu. Ndani milimita 8, nje milimita 8. Nikamwambia kijana asukume kalipa kwa mkono, akaiwekea kidole gumba, ikateleza ikarudi.